Nimpeleke mama Lushoto au Amani? Magoti yake hayataki kupanda

BintiWete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu waliofika wenyewe, si waliosikia kwa wengine. Skuli zikifungwa mwezi wa sita nataka kumpeleka mamaangu bara, pamoja na wanangu wawili, mkubwa ana miaka kumi na moja na mdogo saba. Mama kakulia kwenye mikarafuu hapa Wete, Pemba, umri wake umepita sitini, na mlima hasa hajawahi kuuona. Vilima tunavyo, gari ya Chake inapanda na kushuka njia nzima, lakini pahala pa kusimama ukaiona nchi yote chini yako hatuna. Mwenyewe kasema anataka mlima wenye msitu, na pa kuchungulia.

Kaka yangu anashikilia twende Moshi tukauone Kilimanjaro. Mimi moyo wangu uko Usambara, kwa sababu boti ya Tanga tunaipandia Mkoani na kutoka Tanga si mbali. Lakini nasikia Usambara ziko mbili, ya Amani na ya Lushoto, na kila mtu anaisifia ya kwao. Mama kutembea pakavu na pa sawa hana tabu, kupanda ndiyo shida. Siku zetu haziifiki wiki pamoja na njia. Twende wapi, tuanze na nini, na baridi ya huko watoto wataiweza?

MsafiriTanga
Wa alaykum salaam dada. Kaka yako ana nia njema, ila kwa siku hizo Moshi mtakula barabara tu. Halafu mwezi wa sita Kilimanjaro hupenda kujifunika. Mnaweza kukaa siku mbili chini yake msione hata ncha. Baki na Usambara.

Ni kweli ziko mbili, na katikati yake kuna bonde la Lwengera, upande wa Korogwe. Ya Mashariki ndiyo Amani, unaingilia Muheza. Ya Magharibi ndiyo Lushoto, unapandia Mombo. Ukitazama kwenye ramani utadhani ni jirani, lakini kutoka moja kwenda nyingine inabidi ushuke mpaka barabara kuu, uzunguke, upande tena. Na mama mwenye magoti na watoto wawili, chagueni moja. Anayewaambia mfanye zote mbili anawatakia uchovu.

Mgosi_wa_Soni
Lushoto, dada, na sababu yangu ni hayo magoti ya mama.

Pale Irente, kilomita tano au sita kutoka mjini Lushoto, gari inafika karibu kabisa na ukingo. Mnashuka, mnatembea kidogo, basi. Mlima unakatika ghafla kama ukuta. Chini yako, karibu mita 1,000, unaona uwanda wa Mazinde, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari, barabara kuu imekuwa uzi mwembamba, na mbele yake nyika ya Wamasai mpaka macho yanachoka. Malori utayaona yanakwenda bila kusikia mlio wake. Nimewapeleka pale wazee wa kwetu waliozaliwa hukuhuku milimani, wakakaa kimya muda mrefu.

Sasa sikiliza suala la saa. Irente inatazama machweo. Asubuhi jua linakuwa mgongoni mwenu na uwanda wote unaonekana wazi, jioni jua liko usoni lakini linazama mbele yenu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu unaweza kulala mpaka saa nne au saa tano asubuhi. Mkifika mkakuta kweupe hamuoni kitu, msigeuze. Kaeni, agizeni chai, subirini. Ukungu ule hautoki polepole kama mnavyodhani, unapasuka pahala pamoja, unaona kipande cha shamba, unaziba, unapasuka tena. Watu wengi wanaondoka dakika chache kabla ya kufunguka. Inaniuma kila nikiona.

Njia yenyewe ni safari. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za lami, kona juu ya kona, na karibu na Soni kuna maporomoko ya maji kando ya barabara. Mama ataweza kuyaona bila kupanda chochote. Njiani jirani na Irente lipo shamba la Kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mkate na jemu. Wapitisheni watoto.

Watoto tu: pale kwenye mwamba kamata mkono wa huyo wa miaka saba na usiuachie. Mwamba unakwisha bila kuaga.

KarafuuNaIliki
Mgosi kasema vizuri kuhusu pa kuchungulia, lakini mama kasema *msitu*, na kwa msitu mimi nasimama na Amani.

Upepo wa bahari unagonga milima ya Mashariki kwanza, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana Amani inapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana msitu wake una viumbe ambavyo huvipati pengine duniani. Lile ua la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda madirishani kwao lilitoka Usambara hii. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao na ua likapewa jina lake. Ukilikuta penyewe ni dogo, limejibana kwenye mwamba wenye kivuli na majani yake yana manyoya laini kama sikio la paka. Bustani ya miti ya Amani ilianzishwa na Wajerumani 1902, na hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997.

Na jambo la kumfurahisha mama: vijiji vya huko vinalima karafuu, mdalasini, pilipili manga, na iliki chini ya miti mikubwa. Atakuta ndugu zake. Kilima cha Mbomole ndicho pa kuchungulia, unaona msitu na mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, lakini hapo lazima mpande kwa miguu, na hilo siwezi kukuficha. Barabara kutoka Muheza nayo ina sehemu za vumbi, mvua ikinyesha zinateleza.

Mgosi_wa_Soni
Umemaliza mwenyewe, ndugu yangu: kupanda kwa miguu na utelezi. Msitu Lushoto upo pia, Magamba, juu ya mji. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani, miti imevaa kuvu na ndevu. Sehemu ya mwanzo ni njia pana, mama anaweza kutembea kidogo akarudi wakati watoto wanaendelea na mwongozaji.

BiKonde
Mwanangu BintiWete, kabla hujavuka bahari mpeleke mama Ngezi. Nasema kwa kuwa nakaa Konde na kila siku nawaona wageni wanatoka mbali kuja kuuona msitu ambao sisi wenyewe hatuujui. Tembeeni naye chini ya ile mivule, njia ni ya sawa. Utajua magoti yake yanachukua muda gani kabla ya kuomba kukaa. Wale popo wakubwa wa Pemba wanaopatikana kisiwani kwetu tu, watoto watawaona. Mkimaliza endeleeni mpaka Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa mwaka 1900. Ngazi mama asizipande, abaki chini ufukweni. Ukishapima hapo, huko bara hutabahatisha.

BintiWete
Bi Konde, ahsante sana, hilo sikulifikiria kabisa. Jumapili hii tunakwenda in shaa Allah.

Nimesoma yote na mama nimemsomea. Aliposikia habari ya iliki na karafuu kacheka, kasema karafuu kazichuma vya kutosha, anataka ule ukingo. Basi ni Lushoto. Sasa: mdogo anatapika kwenye gari. Hizo kona za Mombo nitafanyaje? Chakula na swala vipi?

MsafiriTanga
Ulizia mapema siku za boti Mkoani, haiendi kila siku, na ndiyo itakayowapangia safari yote. Laleni Tanga usiku wa kwanza, msiunganishe bahari na milima siku moja. Asubuhi kuna mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto, mwendo wa kama saa nne hivi. Mtoto akae mbele, atazame barabara na si simu, asile mafuta kabla. Chukueni vitambulisho, kwenye hifadhi za serikali kama Magamba raia analipa kiingilio chini sana kuliko mgeni, lakini lazima uoneshe.

Mgosi_wa_Soni
Misikiti ipo mjini na Wasambaa wengi ni Waislamu, kwa chakula ondoa hofu. Baridi ndiyo ya kujipanga: usiku wa mwezi wa sita unaweza kufika nyuzi 10 au chini yake. Nyumba mtakayolala ulizia blanketi na maji ya moto kabla hujalipa. Sweta za watoto nunueni mitumbani Tanga, bei nafuu. Siku ya kwanza mpumzike mjini, Irente iwe siku ya pili ili mkikuta ukungu mbaya mbakiwe na siku ya kurudia. Mtae, kule mwisho wa milima ambako siku ikiwa safi Kilimanjaro inaonekana, ni saa kadhaa za barabara mbaya. Mwachieni kaka yako aende peke yake, roho yake itulie.

BintiWete
Nimemtumia maneno hayo, kasema anakuja. Mama anauliza kama makobazi yake yatafaa.

BiKonde
Hayafai. Mtafutie raba yenye meno chini, na aivae kwanza Ngezi isije ikamchubua.