MREJESHO: Bomba la gesi na visima vyetu (Marekani)

Wakuu, niliuliza namna ya kupinga rasimu ya tathmini ya mazingira ya bomba la gesi litakalopita karibu na visima vyetu vya maji huku Marekani. Asanteni sana. Ushauri wa kutoishia kwenye maoni, bali kuomba FERC (tume ya serikali kuu inayosimamia mabomba ya gesi) itutambue kama wahusika wa shauri, ndio uliotubeba: asiye mhusika hawezi kuomba uamuzi upitiwe upya, wala kwenda mahakamani.

Barua za kunakiliana, yaani watu wengi kutuma maneno yaleyale, hazikusaidia. Kilichofanya kazi ni ramani ya visima vilivyo ndani ya futi 150 kutoka eneo la ujenzi, pamoja na majibu ya maabara ya maji yake. Visima vilivyorukwa kwenye rasimu vimeingia kwenye ripoti ya mwisho. Maji yatapimwa kabla na baada ya ujenzi. Njia ya bomba haikubadilika. Ombi la mapitio ya uamuzi wa FERC tumewasilisha ndani ya siku 30 za kisheria.