Kuhama Kampala kwenda Kapchorwa, nani ameshakaa huko wakati wa mvua?

MamaMahamri, Kisaasi:

Asalaam aleikum na habari za jioni jamani. Samahani nitaandika ndefu, jambo lenyewe limenikaa kichwani tangu Januari na mume wangu kila siku ananiuliza "ushaamua?" kana kwamba ni mie peke yangu ninayehama.

Kwa wasonijua, mie mtu wa Mombasa, Kampala huu mwaka wa saba, watoto wawili, mkubwa yuko P5, yaani darasa la tano la msingi, na mdogo P2. Mzee kazi yake ya kompyuta anafanyia nyumbani, mabosi wako Uholanzi, anachotaka yeye ni umeme na intaneti basi. Mie napika mahamri na sambusa napeleka maofisini Bukoto, Ntinda na Kamwokya. Saa kumi alfajiri nishaamka, saa moja kasoro boda wangu yuko getini. Kwa macho Kisaasi na Kamwokya ni pua na mdomo, lakini inyeshe kidogo tu uone ile jamu, mahamri yanafika yamepoa na mteja amenuna. Nyumba tunalipa laki tisa za Uganda kwa mwezi na mwenyewe ashasema anaongeza. Halafu vumbi, halafu baa imefunguliwa nyuma ya ukuta wetu, halafu mdogo kifua hakimwachi.

Sasa Januari tukaenda Sipi, kule Mlima Elgon mashariki, njia ya Kapchorwa, siku nne. Wallahi pale pana kitu. Maporomoko matatu, lile kubwa mita mia hivi, chumba chetu kinatazama bondeni unaona tambarare za Karamoja huko chini zimenyooka mpaka macho yanachoka, na kila nyumba ukipita kahawa imeanikwa kwenye turubai mbele ya mlango. Mtoto siku zote nne hakukohoa. Mzee akapanda mpaka Kapchorwa mjini akauliza bei ya nyumba, akaambiwa vyumba vitatu na uwanja laki tatu. Tangu siku hiyo hatulali kwa hesabu zake.

Sasa nauliza wenyeji. Umeme ukoje? Mkubwa karibu P7, nimhamishe au nisimhamishe? Mtu akiugua usiku mnakimbilia wapi? Na baridi, maana mie Kampala yenyewe Julai nalala na soksi. Mahamri nitamuuzia nani mlimani? Na la mwisho, mzee anataka tununue nusu eka ya kahawa, nimemwambia tulia kwanza baba.

Msiniambie pazuri. Pazuri nimepaona.

Mwalimu wa Mlimani, Kapchorwa:

Dada yangu shikamoo ya mbali, pole na foleni. Mimi ni Mtanzania wa Moshi, nafundisha huku mwaka wa nne sasa, kwa hiyo mlima kwangu si mgeni, na bado huu ulinikalisha chini mwaka wa kwanza.

Kosa lenu ni moja, mmekuja Januari. Kila mtu anakuja Januari. Kavu, jua, kahawa inavunwa, hela iko mfukoni mwa watu, kila mtu anacheka. Mvua zikianza huko kwenye Machi au Aprili usizitegemee kukuacha mpaka Oktoba, zinapungua kidogo zinarudi. Saa tisa mchana ukungu unashuka humuoni mbuzi wako mwenyewe. Nikueleze kuhusu sare za shule maana ndizo zilizonifundisha: Jumamosi tunafua, Jumapili hazijakauka, Jumatatu asubuhi mke wangu anazipiga pasi zikiwa mbichi, mvuke unajaa chumba kizima na mtoto anaenda shule ananuka moshi wa jiko kwa sababu usiku kucha sketi ilikuwa inaning'inia jikoni. Viatu vya ngozi ukivisahau chini ya kitanda wiki mbili vinaota ukungu wa kijani. Sasa nunua kamba ya ndani na sketi ya pili kabla hujanunua kochi.

Baridi utaizoea ila jiko la makaa usilale nalo chumbani milango imefungwa, nakuomba sana, hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Tunaota jioni, tunalitoa nje, tunaingia chini ya mablanketi.

Jikoni pia kuna mambo. Tuko juu kuliko Kampala kwa mamia ya mita, maji huku yanachemka mapema kabla hayajawa moto kama ya kwenu, kwa hiyo maharage yanakaa motoni mpaka unayachukia. Tafuta sufuria ya presha. Na chachu inasinzia kwa baridi. Mke wangu unga wa maandazi anaukanda jioni, anauweka kwenye kikapu na blanketi na chupa ya maji ya moto pembeni kama mtoto njiti, asubuhi ndiyo unakuta umeumuka. Wewe unayeamka saa kumi itabidi ujifunze upya saa zako.

Wateja wapo lakini si wa ofisi. Unajua hapa ndipo nyumbani kwa akina Cheptegei, yule wa dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, na vijana wanaotaka kuwa yeye wanatoka kila pembe kuja kukimbia hewa nyembamba hii. Saa moja asubuhi wanarudi kundi zima wamelowa, wanakula chapati na chai ya maziwa kama hawana kesho. Sijawahi kuona mtu akiwauzia mahamri yenye iliki. Bei lakini si ya Bukoto, shilingi mia tano ni hela huku.

Umeme upo, Yaka ile ile ya kulipia kwanza, ila radi ikipiga unaondoka. Agosti iliyopita nguzo ililala mtaani kwetu tukakaa siku tano gizani. Mzee wako aweke sola na betri ya kubeba laptopu na wifi, na laini mbili za kampuni tofauti. Kwangu laini moja inashika sebuleni, nyingine mpaka nisimame kwenye dirisha la choo, na nimewahi kufanya kikao cha wazazi humo humo.

Shule: mkubwa ahame Februari akiingia P6, au asihame mpaka amalize PLE, ule mtihani wa mwisho wa P7. Katikati ya P7 usithubutu, shule yenyewe ndiyo inamsajili kwa UNEB, baraza la mitihani, kama kituo chake, ukimtoa baada ya hapo utajuta. Mdogo uliza shule kwa shule, maana kwa mtaala wa Uganda P1 hadi P3 kwa nyingi za vijijini ni lugha ya mama, na mama wa huku anasema Kikupsabiny. Kiswahili chako kitapokelewa vizuri sana, wana soko la Kitale upande wa pili, Kenya. Sio kama Kampala ukiomba nyanya kwa Kiswahili wanakuangalia kama askari aliyeficha bunduki.

BabaLori, Mbale:

Mama salaam, mimi nitaongea barabara na ardhi tu, mengine mwalimu amemaliza.

Mimi wa Bungoma, nabeba kahawa na saruji kupanda na kushuka huo mlima. Mbale kwenda Kapchorwa ni kilomita kama 65, lami yote, mchana kavu ni saa moja na nusu huna haraka. Usiku wa mvua ni kitu ingine. Ule mteremko wa kushuka kuelekea Muyembe ukungu ukikaa unaendesha ukiwa umetoa kichwa dirishani, na mawe yanashuka barabarani. Kapchorwa mjini kuna hospitali, kujifungua, malaria, mfupa, wanashughulikia. Ikikuwa jambo kubwa wanakuandikia Mbale, na hiyo 65 ndiyo unanunua na hiyo laki sita unaokoa kwa rent. Mtoto wa kifua muulizie daktari wake kabla, hewa safi iko lakini baridi na moshi wa kuni pia ziko.

Nyumba usichague kwa kutazama view. Huu mlima unateleza. Bududa 2010 ulifunika watu, Bulambuli Novemba 2024 tena, na Bulambuli ndiyo hiyo hiyo unapita ukienda Kapchorwa. Hata sisi wa chini hatujapona, Julai 2022 mito ilikuja ndani ya Mbale usiku watu wamelala. Ukionyeshwa nyumba zunguka nyuma kwanza. Kama wamekata mlima wakajenga chini ya huo ukuta wa udongo, toka. Angalia miti, ikiwa imeinama yote upande mmoja halafu ncha zimejikunja kutafuta juu, udongo unatembea pole pole hapo. Angalia nyufa kwa ardhi, sio kwa ukuta tu. Nyumba iko kwa mgongo wa kilima ni baridi zaidi na upepo, lakini utaamka asubuhi.

Ardhi sasa. Mwambie mzee wako Mkenya kama mimi hawezi miliki freehold wala mailo Uganda, yaani ardhi ya kudumu, katiba ya 1995 imefunga. Mgeni anapewa lisi tu, ya kukodi, mwisho miaka 99. Na huko juu mashamba mengi ni ya ukoo, hayana karatasi. Mtu anakuuzia vizuri, mnaandikiana kwa LC1, ule uongozi wa kijiji, mnapiga picha, mnakula mbuzi. Mwaka unaofuata ndugu yake anarudi kutoka Kitale anasema hilo shamba ni la marehemu baba yao na yeye hakuulizwa. Sijasikia kwa watu, ni mimi, milioni nne zilienda na mbuzi nilinunua mimi. Akitaka kahawa akodishe miti ya mtu msimu mmoja aone vile mgongo unauma.

Kibali cha kazi usisahau, sisi Wakenya ada hatulipi lakini kuomba ni lazima, kuingia na ID si ruhusa ya kufungua biashara. Na ukifika tu jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, hiyo barua yake utaitaka kila mahali.

Zuri moja mwalimu hakusema, lami ya Kapchorwa mpaka Suam kwa mpaka wa Kenya, kilomita 73, zamani nililala njiani kwa matope nikila mahindi ya kuchoma siku mbili. Siku hizi unavuka Suam unaingia Kitale mapema, unashika basi. Mombasa imekaribia.

Dada wa Tooro:

Mbona Fort Portal hamuitaji? Mlima Rwenzori tunauona mlangoni, barabara nzuri, tangu 2020 ni jiji kabisa, huduma ziko karibu, na baridi yake ni ya kistaarabu. Nawaza tu.

MamaMahamri, Kisaasi:

Marahaba mwalimu, na asanteni nyote, Mungu awazidishie. BabaLori pole na mbuzi, hiyo nimemsomea mzee kwa sauti mara mbili, ya pili aliondoka sebuleni.

Dada wa Tooro nimekusikia mpenzi, ila kwenda Fort Portal mie nazidi kuwa mbali na kwetu, sikaribii. Mamangu yuko Likoni na miguu haimbebi tena, kila kilomita ya kuelekea magharibi naihesabu. Hiyo ya Suam na Kitale ndiyo imenigusa kuliko maporomoko yote.

Tumekata hivi. Hatuhami Januari. Nyumba ya Kisaasi tunabaki nayo, na likizo ya Agosti tunapanda wote wanne wiki mbili, mvua ikinyesha inyeshe, tunakodi vyumba viwili mjini vya kawaida sio vya watalii. Mzee afanye kazi na Waholanzi wake kutoka hapo hapo, kikao kikikatika akatafute dirisha la choo. Mie nitaumua unga kwenye kikapu niwangoje wakimbiaji njiani. Mkubwa ashasema yeye marafiki zake wako Kisaasi na hahami popote, huyo tutamjadili tukirudi. Akinusurika baba yake na umeme wa Agosti, akinusurika mdogo na kifua, tutaongea habari za Februari. Shamba limefutwa.

BabaLori, ukishuka na lori tupu Agosti tuambie tarehe. Na mtu mwenye sufuria ya presha ya kuniazima wiki mbili aniandikie, nitaipitia mwenyewe hata kama ni Entebbe, ya kwangu mpira wake umekufa.

BabaLori, Mbale:

Tarehe nitakupa. Lakini mwaka huu ni wa shufwa, Agosti ni imbalu, tohara ya Wagisu, Mbale utakuta barabara imejaa vijana wamepakwa unga na ngoma nyuma yao. Beba maji na uvumilivu, lori halipiti mpaka wamalize kucheza. Sufuria ya presha mke wangu anayo, lita kumi.