Kikundi cha Ukoo: Msimu wa Hasheem kule Connecticut

Salum: Shikamooni wote. Mjomba Idi upo hewani? Nina swali

Mjomba Idi: Marahaba mjomba. Nipo, ndo kwanza nimetoka kazini. Sema

Salum: Leo kwenye mazoezi ya kikapu jamaa mmoja kaniambia urefu wangu hauna maana, "utachemsha tu kama Hasheem". Uwanja mzima ukacheka. Nilitaka kumjibu nikakosa la kusema, maana huyo Hasheem Thabeet namjua kwa picha tu. Wewe ulikuwa huko huko Connecticut, Marekani, wakati anacheza chuo. Alikuwaje?

Kaka Juma: Pole dogo. Ila ukweli usemwe. Drafti ya 2009, ile timu za NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, alichukuliwa namba 2 na Memphis, nyuma ya Blake Griffin tu. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7 Stephen Curry! Halafu msimu wake wa kwanza Memphis wakamshusha ligi ya chini. Ndo maana watu wanasema alichemsha

Mjomba Idi: Juma, hayo yote ni kweli, sibishi hata moja. Lakini hayo ni ya NBA. Salum kauliza alikuwaje Connecticut. Watu wa nyumbani wanaanza kumsimulia Hasheem kuanzia siku ile ya drafti, Juni 2009, kama vile kabla ya hapo hakuna kitu. Mimi nauona msimu wa 2008–09 ni jambo kubwa kuliko yote ambayo Mtanzania amewahi kufanya kwenye mpira wa kikapu, na linasimama lenyewe hata kama asingecheza NBA dakika moja. Ngoja nivue viatu nikae

Bibi Upanga: Huyu si yule mrefu sana wa hapa Dar?

Mjomba Idi: Shikamoo mama. Ndiye. Mita 2.21. Kijana wa Dar kabisa, alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akapita Kenya shule, kisha Houston, ndipo chuo kikuu cha Connecticut kikamchukua 2006

Bibi Upanga: Marahaba mwanangu. Simulia, nasoma

Mjomba Idi: Kwanza muelewe mahali penyewe. Connecticut hakuna timu ya NBA. Timu yao ya magongo ya barafu iliondoka Hartford 1997. Kwa hiyo jimbo zima macho ni kwa timu ya chuo, ya wanaume na ya wanawake. Chuo chenyewe kiko Storrs, shamba kabisa, ng'ombe wanaonekana. Mwaka wa kwanza wa Hasheem timu ilishinda 17 ikafungwa 14, haikuitwa hata kwenye mashindano ya taifa. Mwaka wa pili wakaitwa, wakatolewa mechi ya kwanza na San Diego, 70–69, muda wa nyongeza. Na mechi hiyo hiyo A.J. Price, ndiye aliyekuwa anaongoza timu uwanjani, goti likakatika

Mama Mdogo Rehema: Kano ya mbele?

Mjomba Idi: Hiyo hiyo. Machi 2008

Mama Mdogo Rehema: Na alirudi msimu huo unaousimulia? Hiyo ni kazi kubwa kaka. Kano hiyo ni miezi mingi ya mazoezi ya kulia machozi. Nimewahudumia wachezaji wa mpira wa miguu wenye goti hilo, wengine hawarudi kabisa

Mjomba Idi: Alirudi. Na huyo Price kabla ya hapo, 2004, aliwahi kuvuja damu kwenye ubongo, nusura afe. Ndiye aliyekuwa anampasia Hasheem. Ndo maana nasema hii timu haikuwa timu ya mtu mmoja. Price, Jeff Adrien, Jerome Dyson, Stanley Robinson, Craig Austrie, na mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, Kemba Walker. Kocha Jim Calhoun, mzee wa miaka 66, mkali kama nini

Salum: Kemba Walker namjua!

Mjomba Idi: Wakati huo hakuna aliyemjua. Tulia nifike kwake

Mjomba Idi: Msimu wote walishinda 31 wakafungwa 5. Hasheem wastani wake pointi 13.6, ribaundi (kudaka mpira uliokosa ringi) 10.8, bloku (kuzuia mpira unaporushwa) 4.2 kila mechi. Lakini namba hazisemi nilichokiona. Salum, kuna mechi ya tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence. Pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Bloku kumi! Na zile kumi ni zile tu alizozigusa. Wachezaji walikuwa wanaingia eneo lile, wanamwona, wanageuka na mpira wao kurudi nje. Mtu yuko peke yake karibu na ringi na anaogopa kurusha. Hiyo haiandikwi kwenye takwimu yoyote

Mjomba Idi: Siku mbili baadaye wakaenda Louisville, timu iliyokuwa ya tano nchini, wakawafunga 68–51 kwao. Siku hizo walikuwa namba 1 Marekani nzima. Mimi nilikuwa nafanya zamu kiwandani, wenzangu wazungu walikuwa hawajui Tanzania iko upande gani wa Afrika. Mwezi ule kila asubuhi nikiingia wananiuliza, "Wa kwenu jana alifanya nini?" Nilikuwa natembea kifua mbele, nasema kweli

Mama Salum: Nakumbuka ulikuwa unatupigia simu kwa kadi, nusu ya salio ni Hasheem 

Kaka Juma: Sawa mjomba, lakini Pittsburgh? DeJuan Blair alimbeba akamtupa. Ile video kila mtu kaiona

Mjomba Idi: Nilikuwa ukumbini. Hartford, 16 Februari. Siku hiyo Hasheem alikuwa anatimiza miaka 22. Blair mfupi kwake kwa kama sentimita 20 lakini mpana kama mlango. Wakanasana mikono wakigombea mpira, Blair akainama, Hasheem akapita juu ya mgongo wake mpaka chini. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5, ribaundi 4. Pitt 76, sisi 68. Siku mbaya kuliko zote za msimu wake, na sitaipamba

Mjomba Idi: Lakini mbona video inaishia hapo? Msimu ulipoisha, tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao, Big East, waligawana wawili: Blair na Hasheem. Na ligi ile mwaka ule ilikuwa moto, Louisville, Pitt, Villanova, Syracuse, Marquette, Georgetown, wote humo. Makocha wa nchi nzima wakamchagua mlinzi bora wa taifa. Huyo aliyetupwa

Salum: Hiyo ya tuzo hakuna aliyewahi kuniambia

Mjomba Idi: Ndiyo ninachokwambia. Na siku tano kabla ya Pitt tulipata pigo kubwa zaidi. 11 Februari, mechi na Syracuse, tumeshinda, lakini Dyson kaumia goti. Msimu kwake ukaisha. Dyson alikuwa mlinzi wetu wa nje. Sasa wachezaji wa timu pinzani wakawa wanapita mbele bila kuguswa, kazi yote inamwangukia Hasheem. Naamini kabisa, Dyson akiwa mzima tunachukua kombe. Nitalisema mpaka nazeeka

Mama Mdogo Rehema: Goti tena. Maskini

Mjomba Idi: Basi ikaja Machi 12. Madison Square Garden, New York, robo fainali ya Big East, Syracuse tena. Dakika 40 zinaisha, Eric Devendorf wa Syracuse anarusha kwa mbali, inaingia, wao wanarukaruka juu ya meza. Waamuzi wanatazama video: king'ora kilishalia. Haihesabiwi. 71–71. Muda wa nyongeza. Wa kwanza sare. Wa pili sare. Wa tatu, wa nne, wa tano. Vipindi vyote vitano Syracuse hawakuongoza hata sekunde moja, na kila mara wanasawazisha. Cha sita ndipo wakatangulia, wakaondoka. 127–117

Salum: SITA??

Mjomba Idi: Sita. Dakika 70 za mchezo. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza 67. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo, Hasheem akiwemo. Iliisha saa saba usiku na dakika 22 New York. Huko kwenu ilikuwa saa mbili asubuhi, watu wako ofisini

Mama Salum: Siku hiyo ulinipigia nikiwa kwenye daladala. Nikajua kuna msiba. Ulikuwa hata sauti huna

Kaka Juma: Price alifunga ngapi?

Mjomba Idi: 33. Kwa goti lile. Robinson 28. Mtu akisema timu ile haikuwa na moyo atafute mechi hiyo aiangalie yote

Bibi Upanga: Wamefungwa sasa wakaenda wapi?

Mjomba Idi: Mashindano ya taifa mama, timu 65, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Mechi ya kwanza Philadelphia, kocha Calhoun kaugua ghafla, mwili umeishiwa maji, akalazwa. Msaidizi wake George Blaney akasimama. Wakamfunga Chattanooga 103–47. Kisha Texas A&M 92–66, mzee karudi. Kisha Purdue 72–60. Kisha Missouri, timu inayokukaba uwanja mzima bila kupumzika. Hapo ndipo Kemba, Salum. Mwaka wa kwanza, anatoka benchi, pointi 23. Aliwapita kama maji yanavyopita vidoleni. 82–75, tukaenda nusu fainali Detroit

Mjomba Idi: Connecticut walikuwa wamefika hatua hiyo mara mbili tu, 1999 na 2004, na mara zote mbili walichukua kombe. Sasa tunamkuta nani? Michigan State. Detroit iko jimbo la Michigan! Uwanja ni wa mpira wa Kimarekani, Ford Field, watu 72,456, karibu wote rangi ya kijani. Na mwaka ule viwanda vya magari vilikuwa vinaanguka, mji una huzuni, timu yao ikawa ndiyo furaha yao pekee. Tuliingia nyumbani kwa watu. 82–73. Hasheem alifunga 17. Walimvuta nje, wakakimbia kabla hajarudi, wakaingiza wachezaji wasiochoka kila dakika. Nasi Dyson yuko benchi na nguo za kawaida

Mama Mdogo Rehema: Aisee. Na fainali?

Mjomba Idi: North Carolina wakawafunga hao Michigan State 89–72. Mabinti wa Connecticut mwaka huo huo walishinda zote 39 na kombe juu, kwa hiyo jimbo halikukosa sherehe. Ila mimi na jezi yangu namba 34, namba ya Hasheem, hatukwenda kwenye sherehe hiyo

Kaka Juma: Nakubali chuo alitisha. Lakini bado sielewi. Mtu ni mlinzi bora wa taifa Aprili, baada ya mwaka mmoja hana nafasi. Kilibadilika nini?

Mjomba Idi: Swali zuri. Moja, sheria. Chuo mlinzi anasimama chini ya ringi muda wote anaotaka. Calhoun alimwambia asimame pale, na wenzake wawasukumie wapinzani kwake. NBA, tangu 2001, mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa eneo lile zaidi ya sekunde tatu. Silaha yake kubwa ikapunguzwa nusu siku aliyoingia. Pili, hesabu miaka: ameanza na 15, Detroit ana 22. Miaka saba tu ya mchezo mzima. Wenzake walianza wakiwa watoto wadogo. Alihitaji timu ya kumlea, siyo ya kumpima kwa mwezi. Kumchagua wa pili mbele ya Harden na Curry hakukuwa uamuzi wake

Kaka Juma: Hilo la sekunde tatu sikulijua. Bado nadhani angebaki chuo mwaka wa nne angejifunza zaidi kucheza na mgongo kwenye ringi

Mjomba Idi: Hapo tuko pamoja. Kemba alibaki, 2011 wakachukua kombe. Lakini kijana ana familia Dar, anaambiwa yuko namba 2, Juma. Mimi nisingemwambia akatae

Mama Salum: Hata mimi

Salum: Sasa huyo jamaa nimwambieje kesho?

Mjomba Idi: Mwulize kama anajua nani alikuwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani 2009. Halafu ukamzuie kurusha. Tazama mechi ya Providence. Usiangalie urefu, angalia miguu. Haruki hovyo, anasubiri mtu aachie mpira ndipo anainua mkono, na mpira anauacha uwanjani ili wenzake wauchukue. Wewe kwenye ile video mama yako aliyotuma unaupiga mpaka ukutani, wanarushiwa tena wao

Salum: Kweli 😅 kocha pia kaniambia. Naitafuta usiku huu

Mama Salum: Baada ya hesabu

Mjomba Idi: Baada ya hesabu. Na ile ya Syracuse ngoja Jumamosi, ni ndefu, uiangalie na Juma