Mrejesho: Ile sarafu yenye tundu aliyoniachia bibi

Kamwene ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu sarafu nyekundu-nyekundu iliyotobolewa, imepitishwa kwenye shanga za marehemu bibi, na kama niipeleke kwa sonara ing'arishwe.

Sikuipeleka. Aliyenishauri niisome kwa lenzi kwanza, Mungu akubariki. Upande mmoja kuna taji, D.O.A. (kifupi cha jina la Kijerumani la koloni lao la Afrika Mashariki) na 1916, wa pili 20 Heller, yaani senti za Wajerumani, na herufi T. Ni Tabora! Wajerumani waliishiwa sarafu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakazigonga wenyewe kwenye karakana ya reli. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji, na kikosi cha Wajerumani chini ya Jenerali Wahle kikashuka huku kwetu Njombe. Novemba sehemu yake ilisalimu amri Ilembule.

Shangazi yangu mkubwa, ambaye sikuwahi kumuuliza lolote, akanisimulia Jumapili jikoni, tukimenya viazi. Mama yake bibi alikuwa msichana. Alimkuta mpagazi wa vita hiyo amelala shambani, miguu imevimba, akamficha kihengeni na kumlisha uji siku kadhaa. Alipopata nguvu aliondoka usiku, akaacha hiyo sarafu juu ya kibuyu. Jina lake hakulitaja.

Nimelia, siwafichi. Miaka yote nilidhani ni pambo tu, kumbe bibi alipokuwa akiishika-shika wakati wa kusali alikuwa anamshika mama yake.

Uzi umechakaa, nimebadilisha. Shanga nimezipanga vilevile. Kesho namvalisha binti yangu kwenye kipaimara.