Eti "tumeshtukizwa na idadi ya wanafunzi"? Watoto hawa mliwapima na kuwachanja wenyewe!

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha wazazi sasa hivi na mikono bado inanitetemeka, kwa hiyo mtanivumilia. Naishi pembezoni mwa Mwanza, upande ambao miaka kumi iliyopita ulikuwa mihogo na mawe, leo ni mabati mapya mpaka macho yanapoishia. Shule sitaitaja. Mwalimu mkuu na walimu wake ni watu wa kuhurumiwa, na nikiitaja wao ndio watakaoandikiwa barua, siyo waliosababisha.

Kilichoniwasha ni neno moja. Ofisa aliyetumwa na halmashauri alisimama mbele yetu, sisi tukiwa juani maana shule haina ukumbi, akasema: "Ndugu wazazi, mwaka huu tumeshtukizwa na idadi."

TUMESHTUKIZWA!

Mwaka jana tuliambiwa hivyo hivyo. Mwaka juzi pia. Mtoto anayeanza darasa la kwanza ana miaka sita, na miaka yote hiyo sita alikuwa anahesabiwa. Mama yake alifunguliwa kadi ya kliniki akiwa na mimba. Mtoto alipotimiza miezi tisa akachomwa sindano ya surua, nesi akaweka alama kwenye daftari lake, na mwisho wa mwezi jumla ya zile alama ikaenda wilayani. Agosti 2022 karani wa sensa alikaa barazani kwangu na kishikwambi chake, akaniuliza umri wa kila mtu ndani ya nyumba, akaniuliza mpaka aina ya choo ninachotumia. Binti yangu alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Akaandikwa. Sasa aliyeshtukizwa ni nani?

Matokeo ya sensa hiyo yako wazi kwa kila mtu. Nyamagana mwaka 2012 ilikuwa na watu kama 363,000, mwaka 2022 karibu 595,000. Ilemela ilitoka kama 343,000 ikafika karibu 510,000. Wilaya mbili tu zimeongeza karibu watu laki nne ndani ya miaka kumi, na hapo sijagusa Kisesa iliyoko Magu wala Usagara ya Misungwi, ambako mji umeshavuka mipaka ya jiji zamani. Watu hao hawakwenda kukaa katikati ya mji. Wako Buhongwa, wako Kishiri, wako Buswelu, wako huku kwetu. Mama muuza chapati wa kituo chetu cha daladala alikuwa anakanda kilo mbili za unga, sasa anakanda sita. Yeye hana ofisa mipango wala kompyuta. Anaangalia watu wanaoshuka kwenye gari.

Niwaeleze nilichokiona darasani, maana wengi wetu tunaishia getini. Baada ya kikao nilimfuata binti yangu, yuko la pili. Nikasimama mlangoni nikahesabu vichwa kimoja kimoja, na nilirudia kuhesabu mara mbili kwa sababu sikuamini. Watoto 127. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa darasa moja. Mimi ni fundi ujenzi, chumba cha darasa nakijua: mita 9 kwa mita 7, mita za mraba 63. Gawa kwa 127 uone kila mtoto anapata nini. Haifiki nusu mita ya mraba, na hapo bado hujatoa sehemu ya mwalimu na ubao. Mbele kuna madawati, nyuma kuna viroba vya saruji vilivyochanwa vikatandikwa sakafuni. Binti yangu anakaa kwenye kiroba. Anaandikia pajani. Sketi yake nyuma ina duara la vumbi ambalo mama yake kalifua mpaka kitambaa kimekuwa chepesi.

Nikaomba daftari lake la hesabu. Wiki tatu hakuna alama ya kalamu nyekundu, si vema wala kosa. Nikamwuliza, akaniambia, "Baba, mwalimu hafiki huku." Mwanzoni sikumwelewa. Nilipoangalia tena nikaelewa: hakuna njia. Mwalimu hawezi kupita kati ya watoto bila kukanyaga vidole vyao, kwa hiyo anasahihisha safu tatu za mbele, kengele inalia. Mtoto wa nyuma anamaliza muhula hajaguswa na mwalimu.

Na msiniambie habari ya madawati. Mwaka 2016 nchi nzima ilichangishwa madawati, na yalipatikana kweli. Watoto 127 kwa dawati la watu watatu ni madawati 43. Njooni mnioneshe mtakavyoyapanga 43 ndani ya chumba hicho! Pale nje kuna madawati mazuri yamepangwa juu ya mengine yananyeshewa mvua kwa sababu hayana pa kuingia.

Sasa twende kwenye mzizi wa tatizo, na hapa naomba msome taratibu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bajeti ya halmashauri inapangwa miezi mingi kabla ya hapo. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza unaanza Oktoba, na shule zinafunguliwa Januari. Ukiona mpangilio huo unaelewa kila kitu: hesabu ya watoto inakuja wakati hela imeshagawanywa! Kama unasubiri foleni ya Januari ndipo ujue unahitaji vyumba vingapi, basi hela utaiomba kwenye bajeti ya Julai inayofuata, chumba kitajengwa mwishoni mwa mwaka, na mtoto yule uliyemhesabu ameshakaa kwenye kiroba mwaka mzima. Na Januari hiyo anakuja mwenzake mpya. Kwa mtindo huo hamtafika kamwe, hata mpewe hela za dunia nzima. Anayetaka kuwahi lazima ahesabu watoto wa miaka miwili na mitatu leo, kata kwa kata, aandike kwamba mwaka fulani hawa watafika mlangoni kwangu. Madaftari ya zahanati yapo. Daftari la wakazi la mtaa lipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuinua simu kutoka idara ya elimu kupiga idara ya afya, ambazo ziko kwenye jengo moja.

Na inawezekana, tumeshaona. Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016 wazazi walifurika na watoto wao. Wale watoto walimaliza la saba 2022, na kila aliyejua kuhesabu alijua mwaka watakaogonga mlango wa sekondari. Serikali ikajenga vyumba 8,000 kabla ya Januari 2023. Mwaka mmoja nyuma yake, zile hela za kukabiliana na UVIKO-19 (korona), vyumba 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kila kimoja, miezi michache tu vikasimama. Mimi mwenyewe nimepiga lipu kwenye baadhi ya vyumba hivyo, kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kulipa mafundi yenyewe bila mkandarasi, tukifanya kazi mpaka usiku kwa taa ya jenereta. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani.

Lakini huku kwetu vyumba vipya viliwekwa wapi? Ndani ya uzio ule ule wa shule ile ile. Uwanja wa mpira umeliwa. Nguzo ya goli imeegemea ukuta wa darasa. Matundu ya choo yamebaki yale yale, wakati mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana wa la sita na la saba wanabana mkojo mpaka saa ya kurudi nyumbani, na wengine siku zao zikifika hawaji kabisa. Hili mke wangu ndiye kaniambia, mimi nilikuwa sijui, na nimeona aibu kutojua.

Wanasema hakuna ardhi. Ardhi ilikuwepo! Mtaa huu viwanja vimeuzwa kwa hatua. Dalali anatembea hatua ishirini huku, ishirini kule, mwenyekiti anagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, biashara imekwisha. Kila muhuri ule ni familia inayohamia, na hakuna hata siku moja mtu wa mipango miji alikuja kusema hapa simameni, hapa tunaacha eneo la shule. Wapimaji wa urasimishaji walipofika nyumba zilishabanana, wakapima walichokikuta. Sasa kama eneo halipo, jengeni kwenda juu. Mwanza ina mwamba, na msingi uliokaa juu ya mwamba mzima hautitii, fundi yeyote wa hapa atakwambia. Shule ya ghorofa moja kwenye uwanja mdogo ni bora kuliko mtoto wa miaka sita kuvuka barabara kuu yenye malori mara mbili kwa siku kufuata shule ya kata nyingine.

Halafu kuna boma letu, jengo la madarasa lisilo na paa. Tulichangishwa mwaka wa nne huu. Tukaambiwa wananchi fikisheni lenta, halmashauri itapaua. Waliokosa hela walibeba mawe na maji, mimi nilitoa siku kumi na moja za kazi bila malipo na sijutii. Vyumba vitatu, lenta imekaa. Tangu hapo hakuna kenchi ya paa hata moja iliyopanda. Mvua inakula udongo wa kuta, na kwenye chumba cha katikati umeota mpapai, umekua, sasa unazaa. Watoto wanakula mapapai ndani ya darasa ambalo wangekuwa wanasomea. Na leo kwenye kikao, baada ya kutuambia wameshtukizwa, wakatuomba mchango wa boma jipya!

Watakuja watu hapa kuniambia zaeni mnaoweza kuwalea. Ndugu yangu, watoto wameshazaliwa, wako sakafuni, na sera ya elimu ya nchi hii, toleo la 2023, inasema elimu ni lazima kwa miaka 10. Lazima maana yake na kiti ni lazima.

Na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Mtaala mpya ulianza 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, na msingi sasa ni miaka sita. Kijana wangu mkubwa alikuwa la tatu mwaka ule. Wa jirani alikuwa la nne. Wa kwangu atamaliza la sita 2027, wa jirani atamaliza la saba mwaka huo huo, na Januari 2028 wataripoti kidato cha kwanza SIKU MOJA. Mikondo miwili ya nchi nzima mlango mmoja. Huku msingi vitabaki vyumba kidogo vya la saba, kule sekondari itakuwa mara mbili. Jambo hili limeshatangazwa, linajulikana mpaka na mwezi wake. Nilinyoosha mkono nikauliza: sekondari ya kata yetu ina vyumba vingapi vya kidato cha kwanza, na 2028 itahitaji vingapi? Ofisa akaangalia simu yake, akasema swali zuri, litafanyiwa kazi. Bajeti za kujengea vyumba vya 2028 ndizo zinazoandikwa kuanzia sasa. Itafanyiwa kazi lini?

Kwa hiyo ninachotaka ni karatasi moja. Ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kata kabla bajeti haijapitishwa: watoto wa miaka sifuri mpaka mitano wangapi kwenye kata hii, kwa mwaka, vyumba vilivyopo vingapi, vinavyohitajika vingapi kila Januari mpaka 2030, na boma letu linapauliwa tarehe ngapi. Nimeshaongea na wazazi wenzangu saba, wiki ijayo tunakwenda kwa diwani kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa, na barua nimeshaiandika kwa mkono.

Wazazi wa Buhongwa, Kishiri, Igoma, Buswelu, Kisesa, Usagara, na nyie wa Sengerema na Ukerewe kama hali ni hiyo hiyo: kesho usiishie getini. Ingia, hesabu vichwa, andika hapa chini darasa na idadi, jina la shule usiweke. Nitaziambatanisha zote kwenye barua.

Naanza mimi. Darasa la pili, mkondo mmoja, 127.