Kanuni ya "toka nje upoe" imegoma kwa wanandoa tunaowasimamia. Tunakosea wapi?

Msimamizi_Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto ni wasimamizi wa ndoa ya vijana wawili hapa Dodoma, ndoa ya mwaka mmoja na nusu. Bwana ana hasira za karibu. Akiulizwa hela ya matumizi imekwenda wapi, sauti inapanda mpaka wapangaji wenzao wanazima redio wasikilize. Hajamgusa mkewe, tumewauliza kila mmoja kwa wakati wake. Anakiri tatizo na anataka kubadilika.

Tuliwapa kanuni moja: ukiona unapanda, toka nje upoe. Mwezi umeisha na hali imezidi. Akitoka, mke anamfuata hadi getini akitaka wamalize maneno. Asipofuatwa anaishia grosari, anarudi saa 5 usiku, na kesho yake hakuna anayegusa ile mada. Tubadilishe nini? Naomba hatua za kufuata. Maombi tunafanya tayari, na "hasira hasara" tumeshawaambia.

Dada_Nasaha

Shikamoo kaka. Mmempa ruhusa ya kutoka, hamkumpa saa ya kurudi. Mume akiondoka katikati ya maneno bila kusema anarudi lini, mke anaona amekimbiwa, na aliyekimbiwa lazima afuate. Kanuni yenyewe ni nzuri ila ni nusu. Waketi siku ambayo hakuna ugomvi, wameshakula, wakubaliane haya:

Ishara. Neno fupi lisilo na mwiba, au mkono kama wa refa anayeashiria mapumziko. Wasitumie "umeanza tena" wala "nenda kapoe", maana hayo ni matusi yaliyovaa kanzu. Anayehisi kupanda ndiye anayejiombea mapumziko. Mwenzake haruhusiwi kumwombea, vinginevyo itageuka njia ya kumfunga mdomo.

Muda. Dakika 30. Mwili uliopandisha, moyo ukienda mbio, kwa watu wengi unahitaji kama dakika 20 au zaidi kushuka. Akirudi baada ya 5 ataonekana ametulia, lakini neno moja tu atawaka upya. Na kabla hajavuka mlango aseme saa: "Narudi saa 2 na nusu tuongee." Sentensi hiyo ndiyo itakayomzuia mke asifuate. Kama dakika 30 hazikutosha anatuma ujumbe kuongeza mara moja, basi. Ikishindikana usiku huo, wanataja saa ya kesho, si "tutaongea".

Njia. Aende kwa miguu, njia ileile kila siku: kilomita 1 kwenda, 1 kurudi, inakula karibu nusu saa. Asipande bodaboda, asiingie kwa rafiki wa kumpa pole, asikaribie grosari. Pombe inalegeza breki ileile anayojaribu kuifunga. Kama ni usiku na mtaa si salama, akae kibarazani.

Anachofanya kichwani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anatembea nusu saa akipanga majibu ya kumkomesha mkewe, anarudi amechemka kuliko alivyotoka. Ahesabu pumzi: avute kwa puani hesabu 4, atoe taratibu hesabu 6, dakika 5 mfululizo. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hushuka. Halafu atazame vitu vya njiani, mawe, mbuzi, chochote. Na ule ushauri wa "piga mto hasira zitoke" muutupe. Tafiti zimeonyesha kwamba mara nyingi kupiga vitu kunachochea hasira.

Mke naye ana kazi yake ndani ya dakika hizo 30: asipige simu kwa mama mkwe, asiandike ujumbe mrefu, asimfungie mlango. Wakikutana, mmoja aseme dakika 3 kuhusu tukio moja, mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu, kisha wabadilishane. "Siku zote" na "ninyi wa ukoo wenu" ni marufuku.

Nesi_wa_Zamu

Naongezea namba. Kanuni hiyo inagoma pia kwa sababu mtu anaikumbuka hasira zikiwa zimeshafika 8 kati ya 10. Akiwa pale hakumbuki hata jina la mtaa. Aitumie akiwa 4 au 5.

Ili aijue 4 yake, apate daftari la kurasa 40, wiki 2. Kila tukio mstari mmoja: siku na saa, kilichotokea, mwili ulianzia wapi (taya kukaza, masikio kuwaka moto, mikono kutetemeka, kifua kubana), namba, na alikaa dakika ngapi mpaka kutulia. Aandike mwenyewe. Mke akiandika yeye, daftari linakuwa hati ya mashtaka.

Baada ya wiki 2 angalieni saa. Mara nyingi matukio yanarundikana sehemu moja: kabla ya chakula cha jioni, usiku wa joto la Oktoba na Novemba watu hawajalala, au baada ya bia. Hapo dawa inaweza kuwa kusogeza mazungumzo tu, kwa mfano hakuna mada nzito baada ya saa 4 usiku.

Msisahau mwili. Sonona kwa wanaume wengi hujionyesha kwa ukali na kukereka, si kwa machozi. Maumivu ya muda mrefu, kukosa usingizi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na jeraha la kichwa baada ya ajali, vyote vinafupisha uvumilivu. Kama hasira zilianza ghafla au zimebadilika katika miezi michache, aanzie kwa daktari. Watu wa hapa wakisikia Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili, wanafikiria kufungiwa, kumbe mtu anaweza kwenda asubuhi, akaonana na mtaalamu, akarudi kazini. Na kama anakunywa kila siku kwa wingi, asiache ghafla peke yake nyumbani. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

Msimamizi_Ipagala

Asanteni sana. Dada, swali: mara ngapi tuwaite? Na tupime vipi kama wanasogea mbele? Hasira zenyewe naona hazipungui idadi.

Mjomba_wa_Mvumi

Usihesabu ugomvi. Hesabu dakika. Kinachobadilika mwanzo ni kwamba anajishtukia mapema, kisha anapoa haraka, kisha maneno yanayotupwa yanakuwa mepesi. Idadi hupungua mwisho kabisa. Waiteni kila wiki 2, nusu saa, daftari mezani.

Ila mimi ningeuliza kuhusu hela kabla ya pumzi. Umesema anawaka akiulizwa matumizi. Mtu mwenye rejesho la kila wiki la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, ambalo mkewe halijui, ataruka kila akisikia neno "hela". Hapo ukali unalinda siri, na pumzi hata ahesabu mpaka 600 hazitalipa deni. Muulize peke yake, mwanaume kwa mwanaume, bila kumtisha: unadaiwa na nani, kiasi gani, mara ngapi kwa wiki. Likiwepo, aliseme mwenyewe kwa mkewe kwenye kikao chenu, na baada ya hapo waweke siku moja ya mwezi, siku ya pili baada ya mshahara, ya kupanga hela kwa dakika 20 na karatasi. Kuulizana hela mlangoni mtu akiwa bado amevaa viatu, mwiko.

Mwanasheria_Njiapanda

Wenzangu wamesema vizuri, lakini haya yote ni kwa mtu ambaye hasira zinamshinda kweli. Kipimo chepesi: je, anamfokea pia bosi wake na trafiki? Kama kazini ni mpole na anawakia mkewe peke yake, na akiwaka anachagua kuvunja simu ya mke lakini ya kwake inabaki nzima, hiyo breki anayo. Hapo mnashughulika na utawala, na daftari halitasaidia.

Mwulizeni mke, akiwa peke yake, maswali ya wazi: amewahi kukushika shingo? Kukufungia mlango usitoke? Kushika kisu au panga wakati wa ugomvi? Kusema atakuua? Unapanga maneno yako kwa kumwogopa? "Ndiyo" kwa lolote kati ya haya, acheni vikao vya pamoja. Kushikwa shingo hasa ni dalili mbaya sana, hata kama hakukubaki alama. Kitu wasimamizi wengi wanachokosea ni kubeba maneno: "Mwenzako ametuambia kwamba..." Analipia mke usiku huohuo.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Nyaraka za mke, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, kadi ya kliniki ya mtoto, azihifadhi kwa mtu anayemwamini.

Msimamizi_Ipagala

Mama watoto ataonana na binti Jumamosi, peke yao, na maswali hayo. Mimi namchukua kijana siku hiyohiyo, nianze na lile la mjomba. Daftari nitanunua mwenyewe.

Dada_Nasaha

Mnunulie kalamu pia kaka, na daftari liwe dogo la kuingia mfukoni. Likikaa kabatini litaandikwa Jumapili kwa kukisia.