Miaka 13 kwenye masoko na moyo umepoa: nibaki, nisome au nijitegemee?

Nnalongo_Ntinda
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 38, ni meneja masoko wa kampuni ya bidhaa za nyumbani hapa Kampala. Nilianza kwa kugawa sampuli sokoni Owino, nikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi nikapewa ofisi yenye mlango.

Mwezi uliopita nilikaa kuandika mpango wa mwaka. Nikafungua faili la mwaka juzi nitazame mpangilio tu, nikajikuta nabadilisha tarehe. Nikabadilisha tarehe zote, nikaongeza bajeti kidogo, nikatuma. Ukapitishwa bila swali hata moja. Usiku ule sikupata usingizi.

Naona njia tatu. Nibaki niombe kuhamia idara nyingine. Au nisome: Chartered Institute of Marketing ya Uingereza kwa masafa, ama uzamili pale MUBS, shule ya biashara ya Makerere iliyoko Nakawa. Au niache, nijitegemee kama mshauri wa biashara ndogo. Mapacha wangu wako darasa la tatu na mama yangu kule Masaka ananitegemea. Aliyepita huku anishike mkono.

Mzee_wa_Nakawa
Nnalongo mwanangu, pole. Mimi nilipita njia ya kusoma, nikiwa na miaka 41, mitihani ya hiyo hiyo taasisi ya Uingereza. Ni chuo cha heshima, kipo tangu 1911, na cheti chake kinatambulika popote utakapokwenda. Sijutii.

Lakini nikueleze lilivyokuwa. Miaka miwili nilikuwa na moto kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa na kitabu kipya. Nilipomaliza nikarudi kwenye meza ileile, bosi yuleyule, ripoti zilezile, na baada ya miezi minne nilikuwa palepale pa zamani. Shule ilinipa maarifa, na mimi sikuwa nimepungukiwa maarifa. Jiulize kama kuna jambo mahususi hulijui na linakuzuia. Kama ni takwimu za matangazo ya mtandaoni, soma hilo peke yake, miezi mitatu yatosha. Kama huwezi kulitaja, weka ada ya watoto kwanza.

Mshauri_Bugolobi
Mimi ndiye niliyejitegemea, kwa hiyo nitasema kwa hesabu.

Niliacha kazi Desemba 2020. Januari 2021 Facebook ikafungwa Uganda, na wateja wangu wawili kati ya watatu walikuwa wananilipa niendeshe kurasa zao huko. Nilikaa hadi Mei bila malipo ya maana. Nimesimama sasa, nawashukuru watu wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, walioniamini kwa matangazo ya redio, ila hakuna aliyenieleza mambo haya mapema:

Kampuni kubwa ikikulipa zaidi ya shilingi milioni moja, inakata asilimia 6 ya kodi ya zuio kabla pesa haijakufikia, isipokuwa URA, mamlaka ya mapato, imekusamehe. Unaidai baadaye kwenye hesabu zako za mwaka, lakini ada ya shule inadaiwa mwezi huu. Na ankara ya siku 30 hulipwa siku ya 75. NSSF nayo, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii: ukiajiriwa unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 10. Ukitoka, hakuna tena wa kukuongezea hiyo 10. Usitegemee kuchukua akiba yako uanzie biashara. Sheria iliyorekebishwa 2022 inaruhusu asilimia 20, kwa aliyefika miaka 45 na kuchangia miaka 10. Wewe bado miaka saba.

Usitoke bila akiba ya miezi minane na wateja wawili waliokwisha kukulipa. Waliolipa, dada. Walioahidi usiwahesabu.

Kaka_Jinja
Kabla ya yote, Nnalongo, muone daktari. Mwaka mzima nilijiita mvivu, kumbe ni shinikizo la damu na usingizi mbovu. Baada ya matibabu kazi ilirudi kuwa kazi.

BintiArua
Dada yangu, nimesoma habari ya lile faili mara mbili, maana na mimi niliwahi kubadilisha tarehe.

Niliomba kuhamia Arua, mbali kule kaskazini-magharibi. Kampala walidhani nimeadhibiwa. Wiki ya kwanza nilikaa dukani kwa mama mmoja anayeuza rejareja, kwenye benchi, tangu asubuhi hadi jioni. Tulikuwa tumelipia bango kubwa la sabuni yetu barabarani. Yeye anaukata mche vipande kwa kisu, kila kipande bei yake. Jina letu limepigwa muhuri katikati ya mche. Akikata, jina linabaki kwenye kipande kimoja, na vipande vingine havina jina. Siku nzima sikusikia mteja hata mmoja akitaja chapa yetu. Walisema "nipe ile ya bluu".

Miaka sita nilikuwa nimetetea bajeti ya kulikuza jina ambalo kisu cha yule mama kilikuwa kinalitupa.

Na lugha ilinifumbua macho. Matangazo yetu yote yalikuwa Kiingereza na Kiganda. Sokoni Arua mfanyabiashara anatoka Ariwara, upande wa Kongo, anapatana bei kwa Kiswahili na Kilingala. Nikaandika tangazo la redio kwa Kiswahili mwenyewe. Tangu mwanzo wa kazi sikuwahi kuogopa hivyo kabla halijarushwa, na hofu ile ndiyo ilinionyesha kwamba moyo haujafa.

Kwa hiyo mimi nasema baki, ila usibaki mezani. Kuhama idara mle mle Kampala ni kubadilisha kiti.

Mshauri_Bugolobi
Nakubaliana na Binti, na naongeza: wateja wangu wananilipa kwa sababu nilikaa Kikuubo. Ukitaka kujitegemea baada ya miaka miwili, hayo ya dukani ndiyo utakayouza.

Nnalongo_Ntinda
Asanteni sana. Arua siwezi kwa sasa, mapacha wako shule na mume wangu kazi yake iko hapa. Nimemwandikia mkurugenzi kuomba Jumanne na Alhamisi nje ya ofisi, miezi mitatu, nikianzia masoko ya Kalerwe na Nakawa. Amekubali kwa mwezi mmoja kwanza. Chuo nimekiweka kando, na kwa daktari naenda Jumatatu, kaka.

BintiArua, la muhuri mlilimaliza vipi?

BintiArua
Kiwandani walikubali kulirudia jina mara tano kwa urefu wa mche, ili kila kipande kibaki nalo. Kalia benchi la Kalerwe mapema, dada, kabla ya saa moja. Mama wa duka huwa na maneno mengi kabla wateja hawajajaa.